Barabara ikipanuliwa Kabiria, nani hulipwa na nani huondoka mikono mitupu?

KWA wakazi wa Kabiria na vitongoji vinginevyo vya Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi, alama ya X iliyochorwa ukutani kwa rangi nyekundu ni ujumbe usiohitaji mkalimani. Maafisa hufika na brashi na mkebe wa rangi, huchora, kisha huenda zao. Mwenye nyumba hubaki akijiuliza maswali matatu: Je, nitalipwa? Nimepewa muda gani? Na ni nani hasa aliyewatuma watu hawa?

Alama yenyewe haijibu hata swali moja kati ya hayo. Majengo mawili yaliyo bega kwa bega yanaweza kupakwa rangi siku moja na maafisa wale wale, ilhali mwenye jengo la kwanza anastahili fidia kamili na wa pili hastahili hata senti moja. Tofauti haimo katika uzuri wa nyumba wala idadi ya miaka ambayo mtu ameishi pale. Imo katika jinsi kipande kile cha ardhi kilivyopata kuwa cha barabara, na wengi huijua tofauti hiyo tingatinga likiwa limekwisha kunguruma langoni.

Dagoretti haikuwa sehemu ya mji tangu mwanzo. Katika enzi ya ukoloni, ilikuwa ndani ya ardhi iliyotengewa Wakikuyu, nje ya mipaka ya manispaa ya Nairobi. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vya mashamba vilivyotawanyika vya kila familia na kuvipima upya kuwa shamba moja. Katika shughuli hiyo, kila mwenye shamba alikatwa sehemu ndogo ili ipatikane nafasi ya barabara, shule, masoko na makanisa. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa kupata uhuru, mashamba hayo yakajikuta ndani ya Nairobi, yakiwa na hatimiliki za kudumu ambazo hadi leo huandikwa Dagoretti/Riruta na kufuatiwa na nambari ya ploti.

Linganisha na mtaa kama Kilimani. Huko, kwa sehemu kubwa, ardhi ilikuwa mikononi mwa Serikali. Barabara zilichorwa kwanza, na ploti zikagawanywa baadaye kwa hati za kukodisha. Dagoretti mambo yalikwenda kinyumenyume. Shamba lilitangulia, nyumba zikafuata, na barabara ikaja mwisho.

Mzee mwenye ekari tatu aliwagawia wanawe, na kila mwana naye akauza kipande ili apate karo au mtaji wa kujenga nyumba za kupangisha. Baina ya ploti paliachwa kichochoro cha kupitisha mkokoteni, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na magari mengi. Leo, kichochoro hicho hicho kinatarajiwa kupitisha lori la taka, gari la wazima moto, mabomba ya majitaka na waendeshaji bodaboda wasiohesabika. Nafasi inayokosekana lazima itoke kwa mtu.

Njia ya kwanza ya kuipata ni kurudi kwenye ramani ya zamani. Ardhi iliyokatwa wakati wa kupima mashamba, pamoja na ile iliyotengwa baadaye na wapangaji wa jiji kwa ajili ya barabara kuu, ni mali ya umma. Lakini ua wa miti una tabia ya kutembea. Kila unapopandwa upya husogea hatua moja kuelekea barabarani. Baadaye ua hugeuka kuwa ukuta wa mawe, na ukuta hugeuka kuwa safu ya maduka. Baada ya miaka 30, hakuna mtoto wa mtaa huo anayejua kwamba duka la kona limesimama juu ya barabara.

Aliyejenga hapo halipwi. Kulipa ardhi rada kwa kaunti kila mwaka hakubadilishi jambo hilo. Na hapa ndipo Wakenya wengi hupigwa na butwaa: hata hatimiliki inaweza isimwokoe. Kifungu cha 40(6) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilikamilika mwaka 2004, ilikuwa imeeleza kwa kirefu jinsi ardhi za umma, zikiwemo zile zilizotengewa barabara, zilivyogawiwa watu binafsi na kupewa hati zilizoonekana safi kabisa.

Mahakama ya Juu ililifunga suala hilo mnamo Aprili 21, 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kaunti hiyo ilikuwa imebomoa ukuta wa ploti moja mtaani Nyali mwaka 2017 ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki, na iliinunua ploti hiyo kutoka kwa wamiliki waliotangulia. Majaji walichunguza asili ya hati hiyo, wakafika hadi mwaka 1989 ilipogawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, na kuamua kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa wakati huo. Kwa hivyo, mnunuzi wa mwisho hakuwa na haki ya kulindwa, hata kama alinunua kwa nia njema.

Uamuzi huo ulihusu ufuo wa Mombasa, lakini uzito wake unafika Kabiria. Anayenunua ploti iliyo kando ya barabara hana budi kukagua ramani ya usajili na historia ya hati, badala ya kuridhika na cheti cha upekuzi kinachoonyesha jina la mwenye ardhi pekee. Tangu Aprili 2021, upekuzi wa ardhi za Nairobi hufanywa kupitia mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, lakini cheti hicho hakikuambii ua umetembea futi ngapi. Kwa kazi hiyo anahitajika mpimaji ardhi mwenye leseni. Pakiwa na ubishi kuhusu mpaka, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka ubishi huo upelekwe kwanza kwa msajili wa ardhi, kabla ya mahakama kuusikiza.

Njia ya pili ndiyo isiyofahamika zaidi, nayo imewaumiza watu wengi walio waaminifu. Mtu anapoomba idhini ya kugawanya shamba lake au kubadilisha matumizi yake, kwa mfano kutoka kilimo hadi nyumba za kupangisha, wapangaji wa jiji wanaweza kumwekea sharti la kusalimisha ukanda wa ardhi kwa ajili ya barabara. Ukanda huo hutolewa bure. Hoja ya kaunti ni kwamba mwenye shamba anafaidika, kwa kuwa ardhi yake inapanda bei mara tu inapogawanywa, na ploti mpya haziwezi kuwepo bila njia ya kuzifikia.

Hoja hiyo ina mantiki. Kasoro iko kwenye utekelezaji. Sharti huandikwa kwenye fomu ya idhini, fomu hiyo hubaki ndani ya faili, na mwenye shamba huendelea kuuza ploti kwa vipimo vya zamani. Anayenunua huonyeshwa bikoni zilizo ukingoni kabisa mwa barabara. Hujenga. Miaka kumi baadaye, mhandisi hufungua faili ile na kukuta kwamba mita tatu za mbele zilikwisha kusalimishwa na mtu ambaye huenda hata hayuko hai tena. Mnunuzi wa namna hiyo hana fidia ya kudai kutoka kwa kaunti. Dai lake ni dhidi ya aliyemuuzia, kama atapatikana. Ndiyo maana nakala ya idhini ya ugawanyaji, pamoja na masharti yake, ni muhimu kama hatimiliki yenyewe. Ni jambo la kushangaza kwamba mawakili wengi wanaosimamia uuzaji wa ploti ndogo hawaiulizii.

Ama pale ambapo shamba liligawanywa kienyeji, kwa mzee kutembea na wanawe na kuwaonyesha mipaka bila kupeleka ombi lolote ofisini, hakuna kilichosalimishwa. Ardhi yote bado ni ya familia hiyo kisheria. Serikali ikitaka kupanua kichochoro kilichoachwa na mzee, inalazimika kutumia njia ya tatu.

Njia hiyo ni kutwaa ardhi kwa lazima. Kabla ya mwaka 2012, Serikali ilitumia Sheria ya Utwaaji Ardhi, Sura ya 295, na mamlaka yalikuwa kwa Waziri na Kamishna wa Ardhi. Siku hizi ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na mwenye mamlaka ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Baraza la jiji halikuwahi kuwa na uwezo wa kuamka asubuhi na kutwaa ploti ya mtu, na serikali ya kaunti iliyolirithi haina uwezo huo pia. Lazima ipeleke ombi kwa tume, ieleze haja ya umma inayotimizwa, na tume iridhike.

Tume hutangaza kusudio hilo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya siku 30 au zaidi, hupanga siku ya kusikiza wenye mali, na tangazo la kikao hicho sharti litolewe angalau siku 15 kabla. Kikao hicho aghalabu hufanyika katika ofisi ya chifu au ukumbi wa mtaa, na ndipo mwenye ploti hupeleka hati zake, ripoti ya mthamini wake, na maelezo ya hasara atakayopata. Asiyefika huachia wengine wamkadirie.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya Sh5 milioni. Barabara inataka futi 10 za mbele. Hiyo ni sehemu moja kwa kumi ya ploti, yaani Sh500,000. Kanuni za mwaka 2017 za ukadiriaji wa fidia zinaongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu, na hivyo jumla inakuwa Sh575,000, kabla ya kuhesabu ukuta, lango, tangi la maji au vyumba vitakavyovunjwa. Kama kipande kinachobaki kimepungua thamani kwa sababu ya kukatwa, hasara hiyo nayo huzingatiwa. Jirani wa ng'ambo, ambaye futi zake 10 zilisalimishwa wakati wa ugawanyaji, anapata sufuri. Barabara ni ile ile na rangi ukutani ni ile ile.

Katiba inataka fidia iwe ya haki, ilipwe kikamilifu na kwa haraka. Neno hilo "haraka" lilizua mabishano hadi Bunge lilipobadilisha sheria mwaka 2019 na kulifafanua kuwa muda usiozidi mwaka mmoja baada ya tume kuchukua ardhi. Sheria hiyo hiyo iliruhusu fidia itolewe kwa njia nyingine, kama vile ardhi mbadala au hati za dhamana za Serikali, na ikaunda jopo maalumu la kusikiza rufaa kuhusu utwaaji. Wakosoaji walisema, na si bila sababu, kwamba mwaka mmoja ni muda mrefu kwa familia iliyokwisha kupoteza vyumba vya kodi vilivyokuwa vikiilisha. Isitoshe, wapo waliosubiri malipo ya miradi mikubwa ya Serikali kuliko mwaka huo mmoja.

Swali la nani aliyewatuma wachora rangi lilikuwa rahisi zamani. Hadi mwaka 2013, Baraza la Jiji la Nairobi, lililokuwa likiendeshwa na madiwani na karani wa jiji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ndilo lililojulikana na kila mtu, kwa wema na kwa ubaya. Mambo yalianza kugawanyika pale Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipounda mamlaka ya barabara za mijini, KURA. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, baraza likavunjwa na serikali ya kaunti ikashika usukani wa barabara za kaunti, huku barabara kuu zikibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Kisha, kati ya 2020 na 2022, idara ya huduma za jiji la Nairobi, NMS, iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi, ilichukua baadhi ya majukumu ya kaunti, yakiwemo ya mipango ya jiji na uchukuzi, kabla ya kuyarudisha.

Mkazi asidhani kwamba historia hiyo ni ya maafisa pekee. Aliyepewa idhini ya ujenzi mwaka 2005 alipewa na baraza. Anayemwandikia ilani leo anaweza kuwa kaunti au KURA, na faili yake inaweza kuwa imehamishwa ofisi zaidi ya mara moja. Karatasi za zamani zihifadhiwe nyumbani.

Kuna kundi jingine ambalo halihusiki na hatimiliki hata kidogo, nalo ni la wenye vibanda. Wauza mboga, vinyozi, mafundi wa viatu na wachoma mahindi kando ya barabara za Riruta, Kawangware na Kabiria wamezoea kuwaona askari wa jiji, maarufu kama kanjo, wakipita kukusanya ada. Stakabadhi inatolewa, na mchuuzi huiweka vizuri akiamini kwamba amelipia mahali pake. Sivyo. Ada ya kila siku na kibali cha biashara ni ruhusa ya kufanya biashara. Si haki juu ya ardhi ambayo kibanda kimesimama.

Askari hao walipata nguvu zao kutoka kwa sheria ndogo, ambazo baraza liliruhusiwa kutunga kwa idhini ya Waziri. Zile za mwaka 2007 kuhusu kero za umma zilivuma kwa kuwapiga marufuku watu kutema mate ovyo jijini. Anayekiuka hushtakiwa katika mahakama iliyo City Hall na kutozwa faini au kufungwa. Sheria ndogo zinaweza kumwondoa mtu anayeziba njia. Haziwezi kutwaa ploti. Pamoja na hayo, ofisi inayopokea pesa za mchuuzi kila asubuhi kwa miaka kumi, kisha ikatuma trekta usiku ikidai hakustahili kuwepo pale, haiwezi kusema mikono yake ni safi.

Kuhusu ubomoaji wenyewe, hakuna haja ya kutafuta mifano mbali. Mnamo Februari 2004, nyumba, shule na zahanati zilibomolewa katika kijiji cha Raila, Kibera, ili kupisha barabara ya Southern Bypass, ambayo inapita Dagoretti ikielekea Kikuyu. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi Serikali ikasitisha ubomoaji. Ujenzi wa barabara hiyo haukuanza hadi 2012. Mnamo Julai 23, 2018, tingatinga zilirudi Kibera, safari hii kwa barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza makao na shule kadhaa zikabomolewa katikati ya mwaka wa masomo.

Kati ya matukio hayo mawili sheria ilikuwa imebadilika. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi yaliyopitishwa mwaka 2016 yanataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu walioingia kwenye ardhi ya umma au ya mtu binafsi bila idhini. Wasimamizi sharti wajitambulishe na kuonyesha kibali rasmi, nguvu isitumike kupita kiasi, watoto, wazee na walemavu walindwe, na wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe ili waokoe mabati na mbao zao. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuipinga.

Mnamo Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilichobomolewa Novemba 2011, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba watu waliotulia kwenye ardhi ya umma wana haki ya makao inayostahili kulindwa, hata kama hawana hati. Uamuzi huo haumaanishi kwamba barabara haiwezi kupita. Unamaanisha kwamba wanaoondolewa hawawezi kuchukuliwa kama takataka za kuzolewa.

Wapangaji, ambao ndio wengi Kabiria, hujipata katikati. Kifungu cha 40(4) cha Katiba kinaruhusu kuwekwa utaratibu wa kuwafidia wanaoishi kwa nia njema kwenye ardhi inayotwaliwa hata kama si yao. Mwenye duka la kukodi anaweza kufika mbele ya kikao cha tume na vitabu vyake vya mauzo na mkataba wake wa kodi. Wengi hawaendi kwa sababu wanaamini kikao ni cha wenye ploti.

Ikiwa karatasi iliyoletwa si notisi ya kuondoka bali ni ilani ya utekelezaji, inayodai kwamba jengo lilisimamishwa bila idhini au kinyume cha idhini, mambo huenda kwa kasi zaidi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayeipokea ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia malalamiko hayo. Siku hizo huhesabiwa tangu alipokabidhiwa ilani, wala si tangu rangi ilipopakwa ukutani.